Mkunga wa Zizi la Malale

Mume wangu Malale anajua majina ya ng'ombe wake wote, pamoja na mama zao na bibi zao. Lakini muulize huyohuyo Malale: mtoto wetu wa kwanza, Suzana, yuko darasa la ngapi? Atakutazama kama umemtukana, kisha atasema, "Muulize mama yake. Mimi ni mtu wa mifugo."

Mimi ni mtu wa mifugo. Hilo neno analitamka kama wengine wanavyotamka mimi ni jaji, au mimi ni askofu. Alikuja Kasansa akiwa kijana, nyuma ya ng'ombe wa baba yake kutoka huko Meatu, akatukuta sisi Wapimbwe na mahindi yetu na kuku wetu, akatuhurumia. Kwa Malale, mtu asiye na ng'ombe ni mgonjwa ambaye hajajua kuwa anaumwa. Mimi mwenyewe alinioa kwa huruma hiyohiyo, na baba yangu akapokea mahari ya ng'ombe ambao hakujua hata kuwafunga kamba. Wawili walipotea juma la kwanza. Malale analicheka jambo hilo mpaka leo, na akishalicheka lazima amsimulie mgeni.

Suzana alikuwa na miaka tisa siku mkono wake ulipogunduliwa. Nasema kugunduliwa kwa sababu ndivyo baba yake anavyosimulia, kama watu wa Mpanda wanavyosimulia dhahabu. Mtamba alikuwa amelala zizini anakoroma kwa uchungu, ndama amekaa vibaya tumboni, mguu mmoja umejikunja. Masele, mdogo wake Malale, alijaribu akashindwa. Malale ana mkono mnene kama mchi, hata hakujaribu. Ndipo akamwona Suzana amesimama langoni na ndoo ya maji.

"Njoo, mayu," akamwambia.

Mayu kwa Kisukuma ni mama. Baba humwita binti yake hivyo akimpenda. Malale humwita hivyo akimhitaji. Akampaka sabuni ya mche mpaka begani, akamwelekeza. Mtoto akaingiza mkono, akafumba macho, akapapasa, akaunyoosha ule mguu. Ndama akatoka mzima. Jioni Malale aliwaita majirani, akawaambia amezaa mkunga. Mkunga mwenyewe alikuwa jikoni kwangu, namfuta damu ya ng'ombe masikioni kwa kitambaa.

Tangu siku hiyo ikawa kazi yake. Ndama akikwama, Suzana. Kondo la nyuma likikataa kutoka, Suzana. Majirani nao wakaanza kumwazima, kama watu wanavyoazimana plau. Siku moja walimfuata shuleni, akatolewa katikati ya mtihani wa hesabu, na mwalimu akamruhusu kwa kuwa ng'ombe alikuwa wa mjumbe wa kamati ya shule. Jirani akileta kuku wa shukrani, kuku alichinjwa kwa ajili ya wanaume. Suzana alipewa miguu.

Mimi nilisema. Nilisema kwa upole, nikasema kwa ukali, nikasema kupitia kwa Masele. Nilichokuwa nalalamikia ni shule, na ule mkono wa msichana kunuka zizi hata siku ya Kipaimara. Hilo lingine nilikuwa silijui. Hakuna aliyeniambia.

Mwaka jana, wakati wa masika, ng'ombe wakaanza kutupa mimba. Leo huyu, juma lijalo yule. Malale alisema ni jicho la husuda. Alizunguka majirani mmoja mmoja akitafuta jicho hilo liko kwa nani, akagombana na watu wawili waliokuwa wakimkopesha mbegu. Lakini vile vijusi havikusubiri ugomvi uishe. Kila alfajiri Suzana alivikusanya kwa mikono mitupu, mikono iliyojaa michubuko ya miiba, akaenda kuvitupa nyuma ya ua ambako mbwa walikuwa wanamsubiri. Kisha alinawa kwa maji ya ndoo, akakamua, akanywa kikombe chake cha maziwa ya motomoto kutoka kwenye kiwele, akaenda shule.

Miezi hiyohiyo kulikuwa na mkutano ofisi ya kata. Walialikwa wafugaji, na kwetu mfugaji ni mwenye kofia. Wanawake hatukuitwa, watoto ndiyo kabisa. Malale alirudi na fulana mpya na soda tumboni. Nikamuuliza wamesema nini.

"Mambo ya chanjo," akajibu.

Basi. Nikaendelea na mchicha wangu.

Homa ya Suzana ilianza kidogo kidogo. Asubuhi mzima, jioni anatetemeka. Usiku jasho, mpaka nabadilisha kanga mbili. Kisha magoti, kisha nyonga, kisha mgongo. Mtoto wa miaka kumi na miwili akawa anainuka kwenye mkeka kama bibi. Zahanati walipima malaria, haipo, wakampa dawa ya malaria hivyohivyo. Akapata nafuu siku chache, ikarudi. Tukaenda tena, tukapewa zilezile.

"Ni uvivu," alisema Malale. "Wakifika umri huu wanaanza uvivu. Dada zangu walikuwa hivyohivyo."

"Dada zako walikuwa wanalowesha magodoro kwa jasho?"

"Hatukuwa na magodoro."

Hapo alicheka. Alidhani ameshinda.

Katikati ya hayo, fahali wake akakohoa. Nadhani alikohoa mara mbili. Malale hakumaliza hata uji. Alikodi bodaboda kutoka Kasansa mpaka Kibaoni, akadaka gari, akapita mbuga nzima ya Katavi na viboko wake, akafika Mpanda dukani kwa Naseeb anayeuza dawa za mifugo pale Makanyagio, akarudi siku hiyohiyo na chupa ndani ya sweta, amezikumbatia kama vichanga. Fahali alichomwa sindano jua halijazama. Suzana alikuwa amelala kando ya ukuta akitazama. Alimtazama tu yule fahali jinsi anavyopapaswa shingo.

Nikasema, "Baba Suzana, na huyu tumpeleke Mpanda."

Malale akafikiri. Akaishika ile chupa ya dawa ya njano, akaipima kwa jicho juani. "Imebaki," akasema. "Ana uzito wa ndama wa miezi minne. Nitampigia hesabu ya ndama."

Na alikuwa hatanii. Sindano ilikuwa ileile, nene kama msumari, bado ina manyoya ya fahali. Nilichukua mwiko wa ugali, nikasimama kati yake na mtoto, nikamwambia akisogea hatua moja nitampigia hesabu ya punda. Masele alikuwepo. Akamwondoa kaka yake kwa kumshika kiwiko, taratibu, kama anavyoondolewa mlevi msibani.

Kesho yake Malale alimleta mganga. Mganga alikula mbuzi wetu, akamchanja Suzana chale kwenye magoti, akathibitisha kwamba ni jicho, na kwamba limo upande wa mashariki. Mashariki yetu ni shamba la kanisa. Alipoondoka niliwapeleka wadogo zake Suzana, Kabula na wenzake, kwa mke wa Masele, nikamfunga Suzana mgongoni mwangu kwa kanga, mtoto mkubwa namna ile, tukapanda bodaboda kwenda kulisubiri basi. Sikuaga. Ningemuaga nani?

Dada yangu Bernadetha anakaa Makanyagio, ana genge la mboga. Alitupokea bila maswali, akatulaza, asubuhi akatusindikiza hospitali. Tukamkuta tabibu kijana, mwembamba, anaitwa Anicet. Alimsikiliza Suzana mwenyewe, si mimi. Kisha akauliza, "Nyumbani mnafuga?"

"Baba yake anafuga," nikasema. "Sisi tunafanya kazi."

"Maziwa mnachemsha?"

"Baba yake anasema maziwa ya kuchemsha ni ya wagonjwa."

Akamgeukia Suzana. "Na wewe, ng'ombe wakizaa unafanya nini?"

Suzana akamweleza. Alieleza kila kitu kwa sauti ya chini, jinsi ya kuutafuta mguu, jinsi ya kulivuta kondo bila kulikata, mahali pa kutupa vijusi. Kalamu ya tabibu ikasimama. Akamwomba aonyeshe mikono. Akaitazama kwa muda, akatoka, akarudi na mtu wa maabara.

Jibu lilikuja mchana. Ni ugonjwa wa kutupa mimba, Anicet alisema, wenyewe wanauita brusela. Ng'ombe unamtupisha mimba, mtu unampiga homa na viungo. Unaingia kwa maziwa mabichi, unaingia kwa damu na maji ya uzazi, hasa kwenye mkono wenye michubuko. Unatibika, lakini dawa ni ndefu: vidonge majuma sita bila kuruka, na sindano kila siku kwa siku za mwanzo. Ukiachwa unakaa kwenye mifupa.

"Na jicho?" nikauliza, ili nilisikie likikataliwa.

"Jicho gani, mama?"

"Basi, achana nalo."

Malale alifika siku ya nne. Kabla ya kuja hospitali alipitia kwa Naseeb. Nilijua kwa sababu mfuko wa dawa za ng'ombe alikuwa nao mkononi, akautafutia mahali pazuri pa kuuweka, mbali na jua la dirishani, kabla hajamtazama mtoto. Alikuwa amevaa kofia yake ya mnadani. Akasimama miguuni pa kitanda.

"Eh, mayu. Umepona?"

"Bado, baba."

"Mtamba mwekundu amekaribia kuzaa."

Hiyo ndiyo pole aliyotoka nayo Kasansa. Mama mmoja wa kitanda cha jirani aligeukia ukutani, nadhani kwa kutuonea aibu.

Anicet alikuwa anapita na mafaili. Akamsalimia Malale kwa adabu, shikamoo mzee, akamwomba wakae, akaanza kumweleza upya, polepole, kama mtu anayehofia kumkwaza mkubwa. Mikono mitupu, hapana. Watoto kuzalisha, hapana kabisa. Maziwa yachemke. Vijusi vifukiwe, mbwa wasile.

Malale alimsikiliza akiwa ameinamisha kichwa upande, na damu ikaanza kumpanda usoni. Malale hawezi kuketi mbele ya mtu akionekana hajui jambo la ng'ombe. Angeweza kukaa kimya. Mtu mwingine yeyote angekaa kimya. Lakini yule kijana angemdhania mjinga, na hilo lilimshinda.

"Kijana," akasema, "hayo yote mimi nilishayasikia. Nilikuwepo kwenye mkutano wa kata. Tulielezwa moja kwa moja na wataalamu, brusela, glavu, kuchemsha, kila kitu. Hakuna jipya hapo."

Akaniangalia, akitaka nishuhudie kwamba mume wangu si mshamba.

Nikaikumbuka siku aliyotoka mkutanoni. Fulana. Soda. Mambo ya chanjo.

Suzana ndiye aliyeuliza. Alikuwa amejiinua kwa kiwiko. "Baba, ulisikia?"

"Nilisikia."

"Sasa mbona hukuniambia?"

Malale alimjibu kwa upole kabisa, maana kwake lilikuwa jambo dogo na la wazi. "Ningekuambia ungeogopa, mayu. Ukiogopa, nani angetoa ndama?"

Anicet akafunga faili. Mimi nilimtazama mume wangu, shingo yake, kofia yake, vidole vyake vinene vilivyotulia juu ya magoti, nikatafuta hasira nikaikosa. Hasira unampa mtu unayemheshimu kidogo. Nilichokuwa nacho kilikuwa kama kile unachokiona ukifunua chungu kilichosahaulika siku nyingi. Unafunika tena haraka, unageuza uso.

"Hata hivyo msiwe na haraka," Malale akaendelea, akafurahi kwamba ametuliza mambo. "Nimemchukua Kabula kule kwa Masele. Mkono wake ni mwembamba kuliko hata wa huyu. Nimemjaribu kwenye mbuzi, anaweza."

Kabula ana miaka saba.

Nilitoka nikaenda gengeni kwa Bernadetha, nikamwomba amtunze Suzana mpaka sindano ziishe, nikamwomba na nauli. Basi la asubuhi nilikuwa ndani. Malale alibaki mjini siku moja zaidi kwa sababu Naseeb alikuwa anasubiri mzigo wa dawa ya kupe, na mtu wa mifugo haachi dawa ya kupe.

Kwa hiyo nilimtangulia. Nilimchukua Kabula, nikamweleza kila alichosema Anicet, nikarudia mpaka akakariri. Nikamweleza na Masele, na mke wake. Masele alikaa juu ya kinu akashika kichwa.

"Shemeji, mimi sikwenda mkutano ule," alisema. "Nilikuwa malishoni. Niliporudi nilimuuliza kaka. Akaniambia ni mambo ya chanjo."

Alitudanganya kwa sentensi moja wote wawili. Hata uongo hakujisumbua kutunga wa pili.

Malale alirudi, na mtamba mwekundu akaanza uchungu adhuhuri ya kesho yake. Nilikuwa mtoni. Niliporudi nilikuta wanaume wamekwishajaa langoni, maana ng'ombe wa Malale akizaa ni mkutano, na Kabula yuko katikati yao, mkono umepakwa sabuni, midomo inanong'ona. Alikuwa anajaribu kukumbuka yale aliyokariri na kumtii baba yake kwa pamoja.

Nilipita katikati yao. Nikamfuta mtoto mkono kwa kanga yangu, nikamsukuma nyuma yangu.

"Mama Suzana, mpishe mtoto," Malale akasema.

"Mkono unao, Baba Suzana. Ingiza wako."

"Wangu haupiti. Unajua haupiti."

"Basi mpigie simu Hezron." Hezron ndiye afisa mifugo wetu.

Malale akacheka, akawatazama wenzake ili wacheke naye. "Nimwite afisa kwa ndama mmoja? Watu watasema Malale ameshindwa kuzalisha ng'ombe wake."

"Malale hajawahi kuzalisha ng'ombe," nikasema. "Aliyezalisha ni Suzana. Na Suzana yuko hospitali Mpanda kwa ugonjwa ambao wewe uliujua tangu mwaka jana ukaubana kwapani. Waambie hawa. Waambie mkutano ulisema nini. Enoka, wewe ulikuwepo, si ulipewa fulana? Binti yako Limi umemwambia?"

Enoka akatazama miguu yake. Watu wengine wawili wakatazama ya kwao. Nikaelewa kwamba hakuwa Malale peke yake. Walikaa viti vya kuazima kanisani, wakanywa soda, wakaelezwa kitu kinachoua viungo vya watoto wao, wakatoka wamekubaliana bila kuambiana kwamba hakitafika nyumbani. Wakubwa wazima, wenye ndevu, wanaogopa mtoto asije akakataa kazi.

Masele ndiye aliyepiga simu. Wakati tunasubiri, Malale alivua shati. Sijui alitaka kuonyesha nini. Alipaka sabuni, akasukuma mkono, mtamba akalia, mkono ukagoma chini ya kiwiko. Akajaribu tena. Maji ya uzazi yakamrukia kidevuni, na nilimwona akirudi nyuma ghafla, akijifuta mdomo kwa nguvu, akitema mate, akiomba maji. Kumbe mkutano aliusikiliza vizuri sana.

Hezron alifika kwa pikipiki, akavaa glavu ndefu za plastiki zinazofika begani. Ilimchukua muda. Mtamba alipona, ndama alitoka amekufa. Na Malale akamlilia ndama yule. Alilia machozi, kamasi, ameketi chini kwenye samadi, akisema alikuwa jike, mwekundu kama mama yake, na mimi ndiye niliyemuua kwa mdomo wangu. Nilisimama palepale na Kabula kwenye kanga, nikamtazama mpaka alipomaliza. Sikutaka hata chozi moja linipite bila kuliona.

Hezron aliwapima damu ng'ombe wote. Waliokutwa nao walikwenda kwa mchinjaji. Malale aliwaaga mmoja mmoja kwa majina.

Suzana alimaliza dawa. Alirudi akiwa amenyooka, isipokuwa nyonga ya kushoto inamuuma asubuhi za baridi, na amerudia darasa. Haingii zizini. Baba yake alimwita mara moja, "Njoo, mayu," akamjibu kutoka kivulini bila kuinua macho kwenye daftari, "Mwite Hezron." Malale aliondoka akisema watoto wa siku hizi hawana adabu. Tangu hapo anamwita Hezron, na analipa akinung'unika.

Juzi Masele alirudi mnadani akicheka mpaka anakohoa. Malale alikuwa amesimama katikati ya watu, kofia nyuma, akieleza jinsi alivyougundua ugonjwa wa brusela. Alivyoushuku mapema. Alivyompeleka binti yake Mpanda yeye mwenyewe bila kusubiri. Alivyowakataza wanawe wasiguse ng'ombe anayezaa, kwa sababu yeye ni mtu wa mifugo na anayajua mambo.

Nilichukua mwiko. Naapa nilikuwa tayari kwenda mnadani nao.

Suzana alikuwa anachambua maharage. "Baba mdogo," akamuuliza Masele, "baba yake Limi alikuwepo?"

"Enoka? Alikuwepo. Alikaa mbele kabisa, mdomo wazi."

"Na wale wa kijiji cha juu?"

"Wengi tu. Wanauliza maswali. Wanamwita mwalimu."

Suzana akatupa jiwe la kwenye maharage. "Basi mwacheni aseme, mama. Mimi nikiwaambia hawanisikii. Sina ng'ombe."

Nikauweka mwiko chini. Malale aliporudi jioni alikuwa na sauti imekauka kwa kufundisha. Akauliza kama kuna maji ya kunywa. Nikamwonyesha mtungi ulipo.